Kidole cha Maziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu na aibu yangu, lakini nitasema.

Ninyi watu wa Gisenyi mnanijua kwa maziwa ninayowateremshia kutoka Mudende. Ng'ombe wangu wote nawajua kwa majina. Ndama akifiwa na mama yake, nachovya kidole kwenye maziwa, nampa anyonye, huku nikimwimbia taratibu mpaka azoee kunywa mwenyewe. Lakini Mariya, mtoto wangu wa kwanza, alifikisha miezi mitano sijambeba hata siku moja. Nilisema mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Nilijiona mwanaume kweli kweli.

Basi mke wangu akashikwa na homa kali. Majirani wakamteremsha kwa machela hadi hospitali, na daktari Mbelgiji akakataza mtoto asimsogelee. Mama mkwe akaja kwangu kumlea Mariya. Ndugu zangu, mtoto alikataa kila kitu. Maziwa ya kijiko aliyatema, ya kikombe aliyatema. Siku ya pili sauti ilikauka, midomo ikapasuka. Nilipoinama kumtazama, alikaza mwili akalia kama ameona mgeni. Miezi mitano chini ya paa moja, na mwanangu hanijui! Nilikwenda kujificha zizini, nikaomba huku nalia.

Mnajua desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani ovyo. Siku ile alinifuata mpaka mlangoni mwa zizi, mtoto mikononi.

"Ndama unamulishaka na kidole," akasema. "Huyu wako iko na kosa gani?"

Nilinawa, nikampokea. Nikachovya kidole kwenye maziwa ya uvuguvugu. Akakisukuma kwa ulimi. Nikachovya tena, akalia. Nikaanza kumwimbia wimbo wa ng'ombe, maana mwingine sikuujua. Akanyamaza, ananitazama. Mara fizi zake zikabana kidole changu, akavuta. Asante Yesu!

Tangu hapo nilimlisha mimi, nikambeba mgongoni kwa ile ngozi ya kondoo ambayo mama yake humbebea. Wanaume walinicheka njiani, nikawaacha wacheke.

Mke wangu amepona, amekaa pale nyuma. Siku aliyorudi, Mariya alilirukia titi. Lakini nilipokohoa mlangoni, aliliachia, akageuza kichwa kunitafuta.

Baba mwenzangu, kiburi chako kiache hapa kwa Bwana, yeye atakipokea. Kisha nenda nyumbani, umwambie mama mtoto akupe mwanao umbebe.