Wanakusubiri Juu

Chini ya jengo moja la ghorofa nne, kando ya mlango, kuna benchi ambalo wenye shughuli zao hawalikalii. Asubuhi huanza na mpira. Kufika adhuhuri limeshaunda serikali mpya na kuivunja. Mwenye ncha ya benchi ni Mbunge, ambaye hajawahi kupigiwa kura na mtu, ila hakuna mada iliyompita. Ubavuni mwake hukaa Injinia, fundi miavuli. Mbele yao yupo Mzee Birika, ambaye husikia yote na kunyamaza, kwa sababu muuza kahawa akibishana na wateja atainywa mwenyewe. Siku hiyo walikuwa na mgeni: dada mmoja mhasibu, kakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, suti imepigwa pasi ikanyooka, anatazama ngazi. Usaili wa kazi ulikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu, na karatasi ya kuomba radhi iliyobandikwa mlangoni pake ilikuwa imeshapauka.

Dada alikwishamtuma mlinzi akawaambie wasaili yuko chini. Mlinzi, mtu na heshima zake, akapanda, akarudi anahema.

— Wamesema usijali. Wanakusubiri.

Hapo benchi likapata kazi.

Injinia alitaka wambebe, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kama kabati. Dada akakataa, kwa upole, lakini akakataa. Aliwahi kubebwa kwenye usaili mwingine. Alifikishwa mbele ya wakubwa blauzi imechomoka kwenye sketi, kiatu kimoja kimebaki njiani, na wale wakubwa wakampa pole badala ya maswali. Kazi yenyewe angeifanya hata usingizini. Akaapa hataingia tena mahali kama mzigo.

— Basi kamba, Injinia akasema. Tunafunga roda pale dirishani, tunamvuta na kiti chake.

— Dirisha lina nondo, Mbunge akamkumbusha.

— Tunakata nondo.

— Na kiti hakipiti.

— Tunabomoa ukuta.

Kufikia kikombe cha pili alikuwa ameshaezua paa na kuagiza winchi ya kushushia makontena.

Mbunge aliona mwenzake anahangaika na matawi, mzizi ameuacha. Kwanza, alisema, watu wenye ulemavu wenyewe hawazipendi kazi za ofisini. Yeye anakaa hapo miaka nenda miaka rudi, na hajamwona hata mmoja akipanda zile ngazi. Pili, uhasibu ni kazi ya miguu.

— Ya miguu? dada akauliza.

— Hesabu ikigoma, mhasibu husimama akaizunguka meza mpaka ikubali. Wewe utaizunguka na nini?

— Na magurudumu, kaka.

Mbunge akafikiri, akaona hilo hakulipigia hesabu. Akakimbilia kwa wahenga.

— Hata hivyo, mpanda ngazi hushuka. Wewe uliyebaki chini umeshawatangulia.

Dada akacheka, maana kulia kungemharibia wanja. Saa yake ilikuwa inakwenda na alikuwa na hasira. Swali alikuwa nalo tangu mlinzi aliposhuka, limemkaa kwenye ncha ya ulimi, na kila likitaka kutoka analimeza. Mwomba kazi haanzi kwa kuwauliza wenye kazi. Wataambiana huyu ana mdomo, na mwenye mdomo haajiriwi.

Vikasikika viatu kwenye ngazi. Walikuwa wasaili watatu, wazima wa afya, wanashuka huku wakitaniana, wamekuja kunywa kahawa. Mzee Birika akawamiminia vikombe vyao. Mkubwa wao alipomwona dada akasikitika kwelikweli.

— Pole sana dada. Tumekuita, tukarudia kukuita. Tumekusubiri mpaka tumefunga. Na unajua tena, asiyekuwepo na lake halipo.

— Nipo hapa tangu asubuhi.

— Tuliambiwa. Ndiyo maana tukakusubiri.

Dada akamtazama, kisha akakitazama kikombe mkononi mwake. Kazi ilikuwa imeshakwenda. Mdomo haukuwa tena na cha kupoteza.

— Kahawa mmeifuata huku chini, mzee. Mimi mbona hamkunifuata?

Mkubwa akaimaliza kahawa yake kwa funda moja. Wenzake wakaanza kupuliza kahawa iliyokwishapoa. Injinia akamgeukia Mbunge, kama ilivyo desturi ya benchi mada inapokwama. Mbunge akawapitia wahenga wote anaowajua, asimpate hata mmoja wa kumsaidia. Mwishowe mkubwa akanyoosha kikombe aongezewe, ili mradi apate la kufanya. Mzee Birika akalitikisa birika, akamwambia kahawa imekwisha.