Dk. Hatem bin Aws na Maana ya Kupona

Katika upasuaji, "matokeo" ni hali ya mgonjwa inayothibitishwa baada ya muda uliokubaliwa. Siyo hali aliyotoka nayo chumba cha operesheni, wala shukrani anazozitoa mlangoni. Fasili hii tumeirithi kwa Dk. Hatem bin Aws, anayestaafu tarehe 30 Juni 2008 baada ya miaka kumi na saba katika idara yetu, hapa Maskati.

Alikuja mwaka 1991. Wodi yake ilikuwa na utulivu wa ndoto: mapazia meupe, mvumo wa kiyoyozi, milima myeusi ikielea dirishani katika mvuke wa joto. Wagonjwa waliokuwa wakizinduka kutoka usingizi wa dawa walikisikia Kiswahili chake cha Unguja, wakajiona wako ukumbini kwa bibi zao kule kisiwani. Mmoja aliagiza mkate wa kumimina. Aliletewa, lakini si kabla ya daktari kuruhusu.

Mwaka 2001 alianzisha njia mpya ya kutibu bawasiri: kifaa cha mviringo kinachokata na kubana kwa pini ndogo kutoka ndani, bila kuacha kidonda cha nje. Wagonjwa walirudi nyumbani mapema. Walipopigiwa simu, takriban wote walijibu kwamba ni wazima, na Dk. Hatem akaandika ripoti ambayo ingeifanya hiyo kuwa njia pekee kwa kila mgonjwa wa bawasiri katika idara.

Ijumaa moja, siku chache kabla ya kuisoma kwenye kikao cha idara, alialikwa karamu ya harusi mtaani Wattaya. Mgonjwa wake Awadh, muuza magari, alikuwa akinywa kahawa wima, na wenzake wote wameketi zuliani.

"Kaa, bwana! Kahawa hainywewi hivyo," alisema mwenyeji.

"Nnanyoosha miguu tu, ami."

"Miezi mitano ananyoosha!" akadakia binamu yake. "Hata magari anauza kasimama."

Majlisi ikaangua kicheko. Dk. Hatem hakucheka. Alimvuta Awadh pembeni, akamuuliza mbona kwenye simu alisema amepona.

"Uliniuliza hujambo, daktari. Nijibu nini zaidi ya alhamdulillahi?"

Ripoti ile, iliyobeba sifa yake yote, akaiondoa mwenyewe kwenye ajenda. Aliwapigia wagonjwa upya, safari hii bila kuwauliza habari zao: unaketi chini mpaka kahawa ikaisha? Unaendesha gari mpaka Nizwa bila kusimama njiani? Majibu yakagawanyika. Maumivu ya siku za mwanzo yalikuwa kidogo kweli, na watu walirudi kazini upesi. Lakini kwa baadhi yao uvimbe ulirejea, mara nyingi zaidi kuliko baada ya upasuaji wa zamani. Aliyasoma yote mawili mbele yetu kwa sauti ileile. Tangu hapo idara imebaki na njia zote mbili, na mgonjwa huelezwa kabla ya kuchagua. Awadh, alipotibiwa tena, alichagua ile ya zamani. Sasa anaketi.

Tunamshukuru Dk. Hatem kwa ukali wake mpole, na tunamwombea afya, wajukuu wengi, na asubuhi zinazokwenda taratibu. Swali moja hakulijibu, nasi hatujalijibu: wale ambao hawakupokea simu, wala hawakuonekana tena kliniki, wamepona, au wanatuonea haya?