Risala ya Mafundi wa Fidla wa Mohoro Kuhusu Rangi ya Mafuta

Mgeni rasmi, viongozi mlioambatana naye, wazee wetu na kina mama, Assalaam alaikum.

UKARIBISHO
Karibu Mohoro. Tumefurahi kukuona, na zaidi tumefurahi kuona matokeo ya ujio wako. Shimo la hapa mlangoni, lililokuwa likimeza pikipiki, limefukiwa jana. Mawe yamepakwa chokaa, minazi imevishwa soksi nyeupe, na mbuzi wa Bwana Hemedy wamehamishwa usije ukadhani huku tunafuga. Tunakuomba uje mara kwa mara, hata kila Ijumaa.

HISTORIA FUPI
Sisi ni mafundi wa ala za nyuzi: fidla, udi na ganuni. Kazi hii tumeirithi kwa wapigaji wa taarabu wa mji huu, enzi ambazo harusi isiyo na fidla iliitwa kikao. Mafuriko yalipoingia majumbani, ala nyingi zilizama. Wenyewe wakazianika juani kama kanga, zikapasuka, ndipo wakatukumbuka.

MAFANIKIO
Tumefufua nyingi. Iliyotutoa jasho ni fidla ya Bi Mwanamkuu, aliyewachezesha mabibi harusi wa Mohoro na mama zao. Ilitufikia ikiwa vipande ndani ya ndoo. Fundi Mtoro akaiunganisha kwa gundi ya ngozi, kipande kwa kipande, na juzi ikaimba. Mwenyewe hatukumwita, tulitaka aisikie leo, mbele yako.

CHANGAMOTO
Changamoto ni moja, nayo imeshakauka vizuri. Jana kamati ya mapokezi ilikagua karakana ikaikuta fidla hiyo mezani, kuukuu, ina mabaka. Mtoro alikuwa ameenda kuswali alasiri. Aliporudi, ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta, buluu chini na krimu juu, kama ukuta wa zahanati. Brashi ilipitishwa hadi ndani ya matundu ya sauti. Ni watu makini sana.

"Jamani, mmefanya nini?" Mtoro akauliza.

"Mgeni haonyeshwi kitu kilichochakaa," akajibiwa. "Na wewe kabadili shati."

Mgeni rasmi, fidla huimba kwa ubao wake. Hii sasa ukiipitishia upinde inalia kama mlango wa choo. Tukiikwangua rangi tutakwangua na ubao, ambao ni mwembamba kama ganda la yai. Mtoro hajala tangu jana. Sisi wengine tumekasirika, na tunaomba ieleweke hivyo.

MAOMBI
Hatuombi jengo wala cherehani. Tunaomba utakapokuja tena usitoe taarifa. Pia uwaambie wanakamati, maana wewe wanakusikia, kwamba udi na ganuni zilizobaki zimeridhika na uchakavu wao. Makopo ya rangi bado yapo hapo nje.

La mwisho. Ratiba uliyoshika inasema baada ya risala hii Bi Mwanamkuu atapiga fidla. Hatapiga. Naye amelijua hilo sasa hivi, pamoja nawe, kwa sababu tangu jana hakuna kati yetu aliyethubutu kumbishia hodi. Amekaa nyuma yako, safu ya pili. Upinde ameuleta kutoka nyumbani, ameupakata. Tunaomba, kabla ya picha ya pamoja, ugeuke umpe pole.

Bi Mwanamkuu, mama yetu, tuwie radhi.

Mwenyezi Mungu akujaalie subira, na mgeni wetu amfikishe kwake salama.

Ni sisi,
Mafundi wa Ala za Nyuzi, Mohoro.
Imesomwa na Tasnim Mfaume, Katibu.