Buti la Kushoto la Sajini-Meja

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Sajini-Meja wetu anavua gwanda baada ya kuitumikia batalioni hii ya askari wa miguu wa majini kwa miaka thelathini na miwili. Wenye ratiba ya sherehe wamenipa kurasa mbili nimweleze. Angepewa mwenyewe kurasa hizo mbili, zingeishia kwenye habari za karatasi ilikonunuliwa.

Ndiyo maana kuruta humwita Afande Tuanze-Mwanzo. Wanadhani hajui. Muulize ufunguo wa banda la boti uko wapi: atakohoa, atashika mkanda, atasema, “Tuanze mwanzo,” nawe utajua nani alijenga banda lile kabla hujauona ufunguo. Mke wake, mwalimu wa watoto wadogo na mwenye subira kuliko sisi sote, anasema nyumbani ni yaleyale. Siku moja alimwuliza mkate uko wapi, akasimuliwa historia ya duka tangu lilipofunguliwa. Mkate wenyewe ulikuwa umesahauliwa juu ya kaunta ya duka.

Mimi ni mtunza stoo, Mama Stoo kwa wanaonijua, na mtu huyu nimemjua kupitia miguu yake. Nimemgawia mabuti kuliko askari yeyote, na kila jozi ilirudi vilevile: la kulia zima, la kushoto limeoza kwa chumvi na matope. Miaka ya kwanza nilimgombeza kweli. Nilipopata kujua sababu nikanyamaza, na sababu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana historia ya Sajini-Meja na historia ya batalioni ni chanda na pete.

Batalioni ilianza na boti nne na askari waliotolewa vikosi vya nchi kavu, wengi wao hawajui kuogelea. Kamanda wa kwanza aliwafunga kamba kiunoni akawasukuma kutoka gatini, mmoja baada ya mwingine, na aliyeibuka akicheka alihesabiwa kuwa amefuzu. Sajini-Meja alijiunga kamba zile zikiwa bado zinatumika. Anakiri kwamba alizama kama jiwe, akavutwa, akazama tena, na kwamba maji aliyokunywa siku ile yalimtosha kwa chai ya mwaka mzima. Aliyeishika kamba yake alikuwa koplo mmoja mshika usukani, mtu mrefu, mpole, aliyependa kuimba injini inapowaka.

Mwaka wa pili wa utumishi wake mto ulifurika, na batalioni ikatumwa kuwatoa watu waliozingirwa na maji karibu na mto unapoingia baharini. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza kubwa. Boti ziliongozwa na yule Koplo, nazo ziliingia mkono wa mto usio wenyewe. Maji yakaanza kupwa. Kufumba na kufumbua boti zote nne zilikuwa zimekaa juu ya tope kama kuku wanaotamia, na askari wa majini hawana maji.

Ilibidi washuke wabebe boti mabegani. Tope la pale hula mabuti, na kwa sababu wote walishuka kwa upande uleule, wakitanguliza mguu uleule, karibu kila mtu alipoteza buti la kushoto. Walipofika kijijini mchana, wenyeji walikuwa wamekwisha kujiokoa kwa mitumbwi yao, wako juu ya mwinuko, wanakula. Watoto waliona jeshi zima linakuja limepakwa udongo mpaka nyusi, kila mtu na buti moja, wakacheka hadi wakakaa chini. Mpaka leo vikosi vingine vikikutana nasi vinatuuliza kama tumeyapata mabuti yetu.

Hicho ndicho kipande kinachojulikana na kila mtu. Kipande ambacho hakikusimuliwa ni kwamba, katika kushuka kule, Sajini-Meja, wakati huo askari mdogo mwenye hamu ya kuonekana, aliruka kabla ya wenzake na tope likamshika hadi kifuani. Kadiri alivyojitutumua ndivyo alivyozidi kwenda chini. Koplo alilaza kasia juu ya tope, akalala juu yake kifudifudi, akamshika kwapani na kumvuta taratibu huku akimwimbia ule wimbo wake wa injini. Alimtoa. Kisha akabaki palepale, akawavusha wengine kwa kamba, mwenyewe akatoka wa mwisho.

Waliporudi kambini ikatafutwa lawama, nayo ikamwangukia aliyeshika usukani. Koplo alichekwa mesini, alichekwa kwenye gwaride, alichekwa hata na wapishi. Mwisho aliomba kuacha jeshi. Akavuka ng’ambo ya bandari, akafungua karakana ya kutengeneza injini za boti. Asiyekuwapo na lake halipo: historia ya batalioni ikasimuliwa bila ya yeye, isipokuwa pale panapohitajika mtu wa kuchekwa.

Sajini-Meja hakulikubali hilo hata siku moja. Alipopanda na kuwa mkufunzi alianzisha somo ambalo sote tunalijua kwa jina la Saa ya Matope. Maji yakipwa, kuruta wapya hupelekwa nyuma ya banda la boti, huingia topeni hadi magotini, naye, mguu wake wa kushoto tu ukiwa topeni, huwasimulia historia ya batalioni yote, ya kujivunia na ya kuficha uso. Ukisinzia unazama. Hakuna kuruta aliyewahi kusinzia. Wamepita mikononi mwake wapiga mbizi, manahodha na maofisa, akiwemo Kamanda wetu wa sasa, na wote wanaijua habari ya kasia.

Kisha ikaja sherehe ya miaka ishirini na mitano ya batalioni. Kamanda wa wakati ule, mtu safi sana, aliagiza historia isomwe mbele ya mgeni rasmi bila habari za matope. Sajini-Meja, ambaye ndiye aliyekuwa msomaji, alijibu kwa heshima kwamba mficha uchi hazai. Akaambiwa amri ni amri. Naye ni askari: alisoma neno kwa neno kama alivyoagizwa, sauti imenyooka. Ila buti lake la kushoto lilikuwa na tope hadi kifundoni.

Mgeni rasmi, akikagua gwaride, alifika kwake akasimama. Akaangalia chini. Akauliza, afande, vipi buti hili? Mgeni rasmi akiuliza lazima ajibiwe, na sote tuliokuwa uwanjani tulijua jibu litakavyoanza. “Tuanze mwanzo, Mheshimiwa.” Jua lilikuwa utosini. Mshika bendera aliyumba mara mbili. Kamanda alibadilika rangi kama embe linaloiva. Mgeni alicheka aliposikia habari za boti, akaacha kucheka aliposikia habari za kasia, na mwisho akauliza huyo mshika usukani yuko wapi siku hizi. Kabla hajajibiwa, Kamanda alimwongoza kwenye safu iliyofuata.

Kwa jibu lile refu Sajini-Meja alicheleweshewa cheo miaka miwili na kupewa kazi ya kusugua boti. Alisugua akipiga mluzi. Mwaka uliofuata, siku ya batalioni, bila ya amri ya mtu, safu nzima ilisimama na tope kwenye buti la kushoto. Mimi ndiye ninayeletewa mabuti hayo, kwa hiyo msinitake nisifie sana, lakini siku ile nililia.

Bado alikuwa na dukuduku moja. Kila mwaka, siku ya batalioni inapokaribia, alivuka bandari akaenda karakanani, akanywa chai na Koplo, akamkaribisha kwenye sherehe. Na kila mwaka Koplo alimjibu, bila hasira, “Nilichekwa mara moja, ndugu yangu, imenitosha.” Walibaki marafiki wa damu. Ila nilijua linamuuma, maana aliniambia mwenyewe: hataki saa ya ukutani wala bahasha ya kuagwa, anataka kabla hajaondoka amwone mtu yule akipita lango hili kichwa juu.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja dirishani kwangu akaomba jozi mpya, namba arobaini na tatu. Yeye huvaa arobaini na moja. Nikamwuliza ya nani. Akasema tuanze mwanzo. Nikamwambia leo tuanze mwisho, nina foleni. Basi akalichukua la kulia tu. La kushoto akaniachia, akanisihi nisimpe mtu yeyote ila atakayekuja na mwenzake, lile la kulia. Nilisikia baadaye kwamba aliliweka lile la kulia juu ya meza ya karakana, akanywa chai yake, safari hii bila kumkaribisha Koplo kwenye sherehe, akasema tu kwamba mwenzake yuko stoo, akaondoka.

Tangu hapo alipita dirishani kila asubuhi, akatupia jicho rafu, akaenda zake. Nami sikuweza hata kumtania.

Jumanne wiki hii, Sajini-Meja akiwa mjini kushughulikia pensheni, alikuja dirishani mzee mrefu mwenye mikono ya grisi. Mguu wa kulia alivaa buti jipya, wa kushoto ndala. Walinzi walikuwa wamemwona akipita lango hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akaniamkia vizuri, akasema, “Mama, nimeambiwa mwenzake yuko hapa.” Nikampa. Alifunga kamba polepole, akaniuliza siku hizi tope liko upande gani. Niliacha stoo wazi, mimi ambaye sijawahi, nikampeleka nyuma ya banda. Alitumbukiza mguu wa kushoto, akasimama. Kuruta mmoja aliyekuwa anasugua boti, asiyejua lolote, akamwuliza kwa adabu mbona anachafua buti jipya. Koplo alinitazama, akatazama zile boti, kisha akamwambia, “Tuanze mwanzo.”

Sajini-Meja hajaambiwa haya. Anayasoma sasa hivi pamoja nanyi. Tunakushukuru, Afande, kwa kila kuruta uliyemfundisha kuogelea na kusema kweli. Maisha ya uraiani yakupokee kwa wema, wewe na mwalimu wetu, na mkate usisahaulike tena dukani. Sasa inua macho utazame safu ya pili, kiti kilicho karibu na mkeo. Aliyeketi hapo, buti lake la kushoto lina tope.