Miaka Ishirini na Sita ya Kuwashuku Wajomba wa Kolo

Baada ya kukagua vibali vya kulaza wageni hapa Kolo kwa miaka ishirini na sita, Bwana Methusela anastaafu tarehe 30 Juni, 1957. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sisi wenzake bado tunashuku; huenda ni mtego wake wa kuona nani ataanza kuchelewa kazini.

Wageni wanaokuja kutazama michoro ya mapangoni hulala majumbani mwa watu, na sheria ya baraza ni fupi: anayelaza mgeni kwa malipo awe na kibali na choo cha maana. Akikamatwa mara tatu bila kibali, nyumba inafungwa. Ndugu halipi, basi kwake hakihitajiki kibali. Weee! Tangu sheria itoke, Kolo nzima ilijaa wajomba. Bwana Methusela hakumwamini hata mmoja. Mjomba fulani aliulizwa jina la dada yake, yaani mama wa mwenye nyumba, akaaga haraka hata kofia akaisahau.

Ila kisa cha Mama Tereza sitakisahau mimi karani wake. Mjane huyu alikwisha kamatwa mara mbili. Asubuhi moja tukamkuta na mgeni mwingine, akaapa kuwa ni mkwewe, mume wa bintiye aliyeolewa Zuzu. Masikini, walikuwa wanakula ugali sahani moja! Nani amewahi kuona mtu anamega tonge na mama mkwe wake? Bwana Methusela alikohoa tu. Mama Tereza akautazama mkono wake sahanini, akaanza kulia, maana watoto wake wanne walikula kwa pato la nyumba ile.

Bwana Methusela alizunguka uani, akaona shimo la choo limefika magotini, jembe bado lina udongo mbichi. Akampa siku kumi na nne alimalize. Kila asubuhi alirudi kulipima kwa fimbo, kwani haamini mtu, na siku ya mwisho akamwandikia kibali.

Juzi amenikabidhi meza. Ndani ya mtoto wa meza nimekuta amri ya kuifunga nyumba ya Mama Tereza, imejazwa yote kwa mwandiko wake, imekosa sahihi tu. Karatasi hiyo, ushahidi kwamba alimkamata mara ya tatu asifunge, ingetosha kumfukuzisha kazi, naye ameniachia mimi pamoja na ufunguo. Nimeichana. Bwana Shauri wa wilaya akiuliza, aniulize mimi.

Ahsante, Bwana Methusela. Nenda kapumzike salama, na Mungu akuzidishie siku. Umeniamini, mzee wangu, na mimi nimelia.