Bwana Usisogee, Fundi wa Taa za Jukwaani

Marehemu alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja maishani: aliyesimama kwenye alama haondoki mpaka taa ya mwisho ihifadhiwe. Wapakizi wa vyombo walimbandika jina la Bwana Usisogee, naye alilipokea kama nishani. Mjane wake ameomba wasifu huu usipakwe rangi. Haukupakwa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa pili wa mwalimu wa hesabu na mshonaji. Utotoni alipenda kutega kioo juani na kuwamulika kuku mpaka wagongane. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu anapenda nuru, ila hamhurumii anayemulikwa. Watu walicheka.

Alimaliza sekondari mwaka 1982, akapata cheti cha ufundi umeme miaka mitatu baadaye, akaajiriwa kwenye ukumbi wa muziki. Zilipokuja taa zinazoongozwa kwa kompyuta, yeye ndiye aliyezielewa kwanza. Kila taa hufundishwa mapema igeukie wapi, iwake rangi gani na kwa wimbo upi. Amri zikihifadhiwa kwenye kompyuta, usiku wa onyesho ni kubonyeza tu. Lakini taa haina macho. Inakumbuka mahali, haimjui mtu. Kwa hiyo wakati wa kuzipanga, lazima mtu wa kimo cha mwimbaji asimame kwenye alama, yaani msalaba wa utepe mweupe sakafuni, nuru ipate kulengwa usoni.

Tarehe 12 Juni 1993 alimwoa mpokea simu wa ukumbi huohuo. Harusini alisema alimchagua kwa sababu kimo chake ni sawa na cha waimbaji wengi. Wakwe walidhani ni utani. Tangu hapo bibi huyo akatoka mezani pake akawa mtu wa kusimama kwenye alama, na onyesho likianza alirudishwa nyumbani kupika.

Mwaka 1996, akiwa na mimba ya miezi minane, alisimamishwa tangu asubuhi kwa ajili ya onyesho la mwimbaji mmoja mashuhuri. Adhuhuri alisema tumbo linambana. Mumewe, akiwa kwenye kompyuta nyuma ya viti, alimjibu kwamba mimba si ugonjwa. Mpakizi mmoja akajitolea asimame badala yake.

"Fundi, mwache shemeji akae. Mimi nitapanda juu ya kreti."

"Wewe hata ukipanda mnazi utabaki mfupi. Taa zimeshamzoea huyu."

Wenzake wakacheka, kicheko cha mkubwa huambukiza. Bibi yule akainama, akashika goti.

"Mume wangu, naona damu."

"Bado taa mbili. Inua uso."

Akauinua. Alikuwa amelelewa kutii, na utii usio na mpaka ni kosa ambalo wazazi wetu walituuzia kwa jina la heshima. Taa mbili zilipohifadhiwa, alikuwa ameketi sakafuni. Mpakizi ndiye aliyembeba mpaka hospitalini. Fundi alibaki kuzijaribu taa zake. Daktari alisema mtoto, msichana, angeokolewa kama wangefika mapema kidogo.

Usiku huo mwimbaji hakuikanyaga alama hata mara moja. Alishuka jukwaani tangu wimbo wa kwanza, akaimba katikati ya watu, na nuru yote ile ikawa inamulika utepe mtupu. Marehemu alirudi nyumbani akimlaani mwimbaji kwa kukosa nidhamu.

Hawakujaliwa mtoto mwingine. Marehemu alistaafu mwaka 2019, kisukari kikamla macho, kisha figo. Mkewe alimwogesha, akamlisha, akamshika mkono kwenda chooni. Mwaka jana, akiwa kitandani, marehemu alisema kwa sauti ndogo, "Laiti ningekuacha ukae siku ile."

"Hukuniacha," mkewe akamjibu, akaendelea kumkata kucha.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu, mkewe akiwa kando yake. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Ampe pumziko, na amhurumie kuliko yeye alivyohurumia.

Ameacha mjane, kaka mmoja na dada mmoja. Mtoto hakuacha. Wa pekee aliyekuwa naye alimpoteza kwa ajili ya taa mbili.