Mzee Vincent Mutugi Ndwiga wa Kanja, Mabata Bukini Wake na Mkono wa Kithinji (1934–1999)

Mzee Vincent Mutugi Ndwiga alizaliwa Kanja mwezi wa Aprili mwaka 1934, mtoto wa tatu na mvulana wa kwanza wa marehemu Ndwiga na marehemu Ntinyari. Hasira alikuja nayo. Akiwa na miaka sita alimpasua mtoto wa jirani kichwa kwa jiwe kwa ajili ya mbuzi aliyeingia pasipo pake, na baba yake akamchapa mpaka fimbo ikavunjika. Nyanya Ntinyari alikuwa akisimulia kwamba Mutugi alipomaliza kulia aliokota vile vipande viwili, akampelekea baba yake mkononi, akasimama kungoja. Baba akacheka, na kichapo kikaishia hapo.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1943 na kufika darasa la nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na hesabu aliziweza. Mwaka 1947 mwalimu mmoja alimchapa mbele ya wenzake kwa kosa la mtu mwingine. Mutugi akamnyang'anya kiboko na kumrudishia vitatu. Hakurudi shuleni tena, wala hakuwahi kusema kwamba alijuta. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni alimpiga kitako cha bunduki hadi sikio la kushoto likapasuka. Watu wengi walidhani anawadharau, kumbe hakuwasikia.

Mwaka 1957 alikwenda Timau, upande wa Meru, kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja, akapewa kazi ambayo wenzake waliikataa: kutunza mabata bukini arobaini. Ndege hao walikuwa wakali kweli. Dume mmoja alikuwa amemvunja kibarua kidole kwa bawa. Wengine waliwaendea na fimbo. Mutugi aliwaendea mikono mitupu, akaumwa mapaja mpaka yakawa meusi, na baada ya miezi miwili walikuwa wakimfuata shambani kama watoto wa kipaimara wanavyomfuata katekista. Alisema aliwapenda kwa kuwa bukini hana unafiki. Akikuchukia anakujia mbele, shingo ameilaza chini, na wewe unajua. Shamba lilipouzwa mwaka 1974, alirudi Kanja juu ya lori la viazi na bukini sita ndani ya magunia, vichwa nje.

Alikuwa amemwoa mama yetu Ciakuthii mwaka 1961, na ndoa ikabarikiwa kanisani mwaka 1979. Walijaliwa watoto watatu: Karimi, anayeusoma wasifu huu, Muriuki na Winfred. Haitakuwa kweli kusema nyumba ile ilikuwa na utulivu. Mzee alimpiga mkewe mara nyingi kuliko watoto wanavyopenda kukumbuka. Mwaka 1981, mkono ulipoinuka tena, Ciakuthii alimmwagia sufuria ya uji wa moto mguuni, na kuanzia siku hiyo hakuguswa. Kovu lile Mzee aliwaonyesha wageni, akisema hicho ndicho cheti chake cha ndoa. Mama hucheka akisikia hivyo, ila hucheka kidogo.

Kanja nzima ilijifunza kwake jinsi ya kumtunza bukini. Nyasi mbichi kwanza, nafaka baadaye na kwa kiasi. Changarawe ziwe karibu, maana ndege hana meno ya kusagia. Maji yawe na kina cha kuzamisha kichwa chote, la sivyo pua na macho huziba uchafu. Vifaranga wasinyeshewe kabla ya manyoya kukamilika, na matandiko yawe makavu kila siku. Tena, chakula chenye ukungu asipewe hata kama anakufa njaa. Mafundisho hayo hayakutolewa kwa upole. Muriuki alikula kofi lililomwangusha ndani ya karai kwa sababu ya maji machache. Mwaka 1993, mchana wa sikukuu, mwizi aliruka ua. Bukini wakamwangusha, na Mzee akamvunja mfupa wa bega kwa rungu. Kisha akampakia kwenye mkokoteni, akamsukuma mwenyewe hadi zahanati, na njia nzima alimtukana.

Jirani yake wa ng'ambo ya ua alikuwa Mzee Kithinji, mzaliwa wa Chuka, mtu wa maneno machache na kabichi nyingi. Kabichi hizo bukini walizipenda. Walikosana mara kadhaa, na mwaka 1997, mbele ya watu sokoni Karurumo, Kithinji alisema iko siku ndege hao watakula kitu cha kuwanyamazisha. Maneno hayo Mutugi aliyasikia vizuri sana.

Mwisho wa mwaka huo zilikuja zile mvua zilizobomoa madaraja nchi nzima. Ghala la Mzee likavuja, na mahindi ya Agosti yakaota ukungu wa kijani. Hakuyatupa. Aliyaosha kwa maji ya jivu, akayaanika juu ya moto jikoni mpaka yakang'aa, akayachagua punje kwa punje kwa siku tatu. Watu wa nyumbani walikula yaliyotwangwa, na bukini wakapewa yaliyobaki. Sheria ya ukungu aliijua, tena yeye ndiye aliyeifundisha. Ila kwake ukungu ulikuwa ule unaoonekana, usipoonekana, umekwisha.

Jumapili tarehe 11 Januari 1998 bukini wanne walikutwa wamekufa. Kufikia Jumatano walikuwa wamekufa ishirini na watatu kati ya thelathini na mmoja, pamoja na jike mzee aliyetoka Timau ndani ya gunia. Yule alifia mikononi mwa Mzee, shingo ikijipinda. Karimi alimwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza, na akaogopa kuliko siku zote za kupigwa. Mzee alimlaza ndege chini, akajifuta uso, akachukua panga.

Kithinji alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani. Mutugi alimpiga teke la mgongo, akamwinua kwa ukosi wa shati, akamwuliza amewapa nini. Kithinji alisema hajui lolote. Panga likashuka, Kithinji akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, na vidole vinne vikaanguka kwenye majani. Panga likarudi, likampasua bega. Mara ya tatu halikushuka, kwa kuwa Kiende, mkewe Kithinji, alimpiga Mutugi kisogoni kwa mchi wa kinu, naye akaanguka juu ya mtu aliyemkata. Polisi waliwakuta hivyo, na Kiende bado ameshika mchi.

Ciakuthii ndiye aliyemwita daktari wa mifugo kutoka Runyenjes. Alikuja Ijumaa, akampasua bukini mmoja juu ya gunia. Ini lilikuwa la njano, linamomonyoka kwa kidole. Akaomba kuonyeshwa chakula chao, akayanusa yale mahindi masafi, akatikisa kichwa.

"Mama, sumu ya ukungu haioshwi," alisema. "Hakuna mtu aliua hawa bata. Ni haya mahindi yenu."

Karimi alipeleka habari hiyo korokoroni. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuka na kuanza kujigonga kichwa ukutani, kidonda cha mchi kikafunguka, mpaka mahabusu wenzake watatu wakamkalia. Familia inaamini kwamba mtu aliyeingia mle ndani hakutoka tena, japo aliyetoka alifanana naye.

Kithinji alitoka hospitalini baada ya wiki sita. Ni yeye aliyeomba kesi iondolewe, imalizwe na wazee, na hakueleza kwa nini. Wazee walikaa Jumamosi tarehe 14 Machi 1998, uwanjani kwa Kithinji. Mutugi alikuja na mbuzi dume kama desturi inavyotaka, na lile panga. Mbuzi alimfunga mtini. Panga alimpa Kithinji, akapiga magoti mbele ya gogo la kupasulia kuni, akaulaza mkono wake wa kulia juu yake.

"Kata," alisema. "Mimi sikukusikiliza, na wewe usinisikilize."

Mzee mmoja alitaka kuingilia, Kiende akamzuia. Kithinji aliliinua panga kwa mkono wa kushoto, akalishikilia juu muda mrefu hivi kwamba Ciakuthii alifumba macho. Likashuka kwa nguvu zote, likazama kwenye gogo, upana wa kidole kutoka mkononi. Mutugi hakuutoa mkono.

"Mbuzi yako rudi nayo," Kithinji alisema. "Hii mkono haiwezi kukamua. Kesho saa kumi na moja utakuja kukamua ng'ombe yangu, asubuhi na jioni, na usinisalimie."

Mutugi alikwenda. Kwa mwaka mmoja na miezi minne, mvua au jua, Krismasi na Pasaka, aliingia kwa Kithinji na ndoo, akakamua, akaacha maziwa mlangoni, akatoka. Ng'ombe yule alikuwa mkorofi. Alimng'oa meno mawili kwa teke moja, na mwenye ng'ombe alikuwa amesimama pale akitazama. Mzee alitema damu, akaendelea kukamua. Majirani walimcheka, wakasema simba amekuwa kibarua. Yeye, aliyekuwa akivunja watu kwa maneno madogo kuliko hayo, alipita kimya. Nyumbani pia hakuna aliyepigwa tena, hata kuku. Alilea upya bukini wanane waliobaki, na mahindi yote yaliyosalia aliyachimbia shimo na kuyachoma.

Mwezi wa Julai 1999 tumbo lilivimba na macho yakawa ya njano. Alilazwa Embu mara mbili, madaktari wakasema ni ini na kwamba wamechelewa. Hawakusema limeletwa na nini. Yeye alisema ni yale mahindi, na kwamba bukini walikuwa na bahati ya kufa haraka. Alipolemewa, alimtuma Muriuki akamkamulie Kithinji. Kithinji alimrudisha na ndoo yake tupu, akisema yeye alimtaja baba, hakumtaja mwana. Habari hiyo ilimuumiza Mzee kuliko ugonjwa. Alijaribu kuinuka kwenda mwenyewe, akaanguka uwanjani, na Winfred akambeba kama mtoto.

Wazee wetu wa hapa wanashika jambo moja. Mtu aliyemwagwa damu hatupi udongo kwenye kaburi la aliyemwaga, isipokuwa neno limemtoka moyoni. Akitupa, limekwisha, hata wajukuu hawalifufui. Asipotupa, linabaki baina ya nyumba hizo mbili. Hilo ndilo Mzee aliloliogopa wakati wa kufa.

Jumamosi tarehe 20 Novemba Kithinji aliingia chumbani bila kubisha hodi, akasimama mguuni mwa kitanda. Mutugi alimtazama kwa yale macho ya njano.

"Kithinji, utatupa udongo yangu?" aliuliza.

Kithinji aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nilikuja kuona kama ni kweli unakufa," alisema. "Hiyo ya udongo, nitajua nikifika."

Alipotoka, Mzee alimwita Karimi na kumwagiza aandike wasifu huu bila kumpaka mafuta. Watu wakija kuambiwa kwamba alikuwa mpole, alisema, Kithinji ataondoka, na atakuwa na haki. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 22 Novemba 1999, saa tisa mchana, mkewe akiwa amemshika mguu wenye kovu.

Ameacha mjane, Ciakuthii, watoto, Karimi, Muriuki na Winfred, wajukuu saba, na mabata bukini kumi na wanne, wote wazima. Ameacha pia mwizi mmoja aliyepona bega, ambaye alileta kuni za matanga.

Ratiba hii ya mazishi ilipelekwa kuchapishwa Alhamisi, na hadi hapo hakuna aliyejua kama Mzee Kithinji atafika. Kiti chake kimewekwa mstari wa mbele, kando ya mama. Familia inaomba mtu mwingine asikikalie, wala asitupe udongo, mpaka padre amalize sala na sote tungoje kidogo. Akitupa, tutashukuru. Asipotupa, Muriuki atafukia kaburi, na hakuna atakayemwuliza Kithinji neno, leo wala kesho.

Mungu ampe Mutugi ile amani ambayo yeye mwenyewe hakuwapa watu wengi.